Muhuri wa serikali si tasbihi ya mtu

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo gazetini manake hili jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Binti ya dadangu alijifungua nyumbani, usiku, mvua yanyesha hata tuktuk haikupatikana, mkunga ni mama jirani, alhamdulillah mama na mtoto wazima. Sasa mtoto akizaliwa nyumbani fomu ya kuzaliwa huandikwa na naibu wa chifu, ndipo uende ukatafute cheti. Basi binti akaenda, mtoto kamfunga kwa leso, kakaa benchi tangu asubuhi, alipofika mezani akaulizwa babake mtoto yuko wapi, mmeoana? Akasema ukweli, hatujaoana. Yule bwana akaifunga fomu kwenye faili. Ati yeye ni mtu wa dini, mkono wake hauandiki mtoto wa haramu, kesho ataulizwa na Mungu. Na muhuri uko palepale mezani juu ya kibati cha wino, kijana wa nyuma yake akagongewa barua yake ya kitambulisho wala hakuulizwa kitu.

Kaenda mara tatu. Ya tatu nilimsindikiza mwenyewe, nikaambiwa "mzee wangu, wewe Muislamu mwenzangu, waelewa." Naelewa nini? Mimi pia naswali, na la binti tulilizungumza nyumbani likaisha (tena kwa sauti, dadangu si mtu wa kunong'ona). Lakini kile kitoto kimemkosea nani? Katiba yetu ya Kenya kifungu cha 53 chasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu azaliwe, na malezi ya baba na mama wawe wameoana au hawajaoana. Na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alishasema kile kifungu cha 12 cha sheria ya kusajili vizazi na vifo, kilichokuwa kikimbana mtoto wa nje ya ndoa asiandikwe jina la babake, chaenda kinyume na Katiba. Miaka yote hiyo na bado mtu ajifanya mahakama yake mwenyewe mezani!

Si kwetu tu. Marekani, jimbo la Kentucky, kaunti ya Rowan, kulikuwa na karani aitwa Kim Davis. Mwaka 2015 mahakama kuu kabisa ya kwao iliporuhusu ndoa za jinsia moja yeye akagoma kutoa leseni za ndoa, akafungia wote hata mume na mke wa kawaida, ati Mungu. Jaji akamtia ndani siku 5, huku nyuma makarani wa chini yake wakazitoa. 2018 akaangushwa kwa kura, 2023 akaambiwa awalipe wanaume wawili aliowanyima jumla ya dola 100,000. Ndoa hizo mimi siziungi, na Katiba yetu kifungu cha 45 imeshasema yake, kwamba mtu ana haki ya kuoana na wa jinsia nyengine, mimi nazungumzia kiti cha kazi. Hata kule walitafuta njia, 2016 jimbo likatoa jina la karani kwenye fomu, roho yake itulie na raia apate karatasi yake. Sasa huyu wetu kama mkono wake mzito si ampe mwenzake ajaze, kwani kalamu ni moja?

Na sisi Waislamu wa Mombasa ndio tungekuwa wa kwanza kuuogopa mchezo huu. Kesho akae karani wa imani nyengine aseme kwake mke wa pili ni dhambi, cheti cha ndoa hagusi, si tutaandamana mpaka Treasury Square? Wakati huo tutajua sana kuwa kifungu cha 8 chasema serikali haina dini.

Ijumaa nilimuona msikitini safu ya mbele, tukapeana mikono, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikamwambia Jumatatu twaja tena, na mtoto tutambeba.

Mjomba wa mtoto,
Mombasa