Barua kwa mwanangu: Majoka wako watakula nini?

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaikum. Mama yako kaniambia jana usiku kwamba kazi ya benki umeshaiaga na Jumamosi unavuka mpaka wa Horohoro kwenda Nairobi, kuandika hadithi za michezo ya kompyuta. Nimezipata habari hizi kwa mama yako, si kwako. Haya. Ya daftari lako la hadithi lililoungua kwenye jiko la mkaa unayajua, siyarudii.

Nina swali moja tu. Majoka wa hadithi yako watakula nini?

Vile vitabu vitano vya hadithi za wafalme na majoka, vya George R. R. Martin, ulivyoviacha chumbani nimevisoma vyote tangu Ramadhani iishe, kamusi pajani. Nilitaka kujua ni kitu gani kinachomfanya mtu aache mshahara. Nimekiona. Mzee yule anajua mambo ya ufugaji. Majoka watatu wa Daenerys, yule binti wa kifalme, walipoanguliwa walikataa nyama mbichi, mpaka binti akakumbuka alivyoambiwa na kaka yake utotoni, kwamba walao nyama iliyopikwa ni watu na majoka tu. Niliweka kitabu chini nikatabasamu. Mwandishi mwingine angewarusha angani siku hiyo hiyo. Huyu kwanza kawatafutia chakula.

Sasa nije kwako. Kurasa ulizomtumia mama yako kwenye simu nimezisoma. Lugha yako imekomaa. Pale popo wanapohama Mapango ya Amboni siku tatu kabla ya mayai ya majoka kupasuka, nimeparudia mara tatu, na nikamsomea jirani. Lakini mwanangu, kurasa arobaini, majoka watatu wanazunguka juu ya mto Mkulumuzi tangu masika hadi vuli, na kijiji kizima cha Kiomoni hajapotea mbuzi hata mmoja! Watu wanatoka nje wanashangilia, basi. Mimi nina mbuzi kumi na wanne tu, wala hawana mabawa, na kila siku nagombana na mtu kwa ajili ya shamba lake la muhogo.

Kule Meereen, mji alioutawala Daenerys, wachungaji walianza kuja na mifupa ya kondoo iliyoungua, wakalipwa. Kisha akaja baba mmoja na gunia, na ya ndani haikuwa mifupa ya kondoo. Hazzea, mtoto wake, miaka minne. Usiku ule sikuendelea kusoma. Malkia akawafunga majoka wawili minyororo shimoni, na yule wa tatu, mweusi, aliyefanya tendo hakukamatika. Unaposema "majoka wamerudi", mimi namwona yule mzazi na gunia lake. Kwako sijamwona bado.

Najua utasema kule majoka wa kale walitoweka kwa vita vya ndugu, mwaka 129 hadi 131 kwa hesabu yao. Ni kweli, wengi walikwisha humo, jamaa moja wakigombea kiti cha enzi. Ila usiruke pale ambapo watu wa mji wenyewe walilivamia usiku lile banda kubwa la majoka kilimani, wakafa kwa wingi, na bado wakawaua majoka waliokuwemo. Mtu hajitupi motoni hivyo bila ya kuchoka. Wa mwisho alikufa mwaka 153, jike la kijani lililodumaa, mabawa yamesinyaa, na mayai aliyotaga hayakuanguliwa. Nilimwonea huruma. Wanazuoni wao wanasema walidumaa kwa sababu ya kuta na paa walilofungiwa chini yake. Hapo najua utaniambia nini, na sina jibu. Kurasa kumi na moja za daftari lako ziko kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama yako. Zimeungua pembeni lakini zinasomeka. Lile joka lenye miguu sita limo.

Kutamani warudi si kosa. Kule vitabuni mfalme Aegon wa tano naye alitamani, akataka kuyaangua mayai kwa moto, na mwaka 259 jumba la Summerhall likateketea naye ndani, pamoja na mwanawe. Ila wewe una urithi wako ambao hawa hawana. Nunda, yule paka mla watu, unamjua, bibi yako alikusimulia. Sultani alisema paka ni wake na kuku ni wake, aachwe, na akaendelea kusema hivyo hivyo hadi paka alipomuulia wanawe. Hadithi ile ilianzia kwenye kuku. Na yako ianzie kwenye kuku. Mtafute mama mmoja wa Kiomoni anayehesabu kuku wake jioni akakuta pungufu, umwandike huyo kabla ya mabawa.

Na wewe utakula nini? Hilo mama yako hakuweza kunijibu. Akiba ya benki ni ya miezi mingapi? Kodi ya Nairobi umeiuliza, au umeuliza mandhari tu? Hao waliokuajiri wamekupa mkataba wa karatasi au wa maneno? Ulivyokuwa unakula ukiandika nakujua: chai na andazi moja mpaka Isha. Ukisoma haya usiku, simama sasa hivi ukale.

Ukipita Muheza mpe mjomba wako elfu ishirini, nilimkopa za mabati ya jikoni na fundi mwenyewe hajarudi tangu wiki iliyopita. Mama yako kakukaangia dagaa, wamo kwenye kile kindoo cheupe, usikisahau ndani ya basi.

Yule mbuzi wa madoa kazaa juzi, mapacha. Mmoja hanyonyi. Tunamnywesha kwa chupa kila baada ya saa tatu, na zamu ya alfajiri nimeichukua mimi. Naishia hapa, ameanza kulia.

Baba yako