Kwa wanakikundi: kuhusu Golf iliyoboreshwa

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Nimesoma maoni yenu kuhusu gari la Volkswagen Golf la kizazi cha 8 lililofanyiwa maboresho mwaka 2024, na naona wengi mmeng'ang'ania nembo ya mbele inayowaka taa, ambayo kwangu ni urembo tu. Jambo kubwa ni usukani: vitufe vya mguso vilivyolalamikiwa sana vimeondolewa, vikarudi vitufe halisi vya kubonyeza, ambavyo dereva huvipapasa kwa kidole gumba bila kuondoa macho barabarani anapokwepa bodaboda pale Buzuruga, Mwanza. Skrini ya katikati ya dashibodi nayo imefika inchi 12.9.

Tukutane Jumapili saa 10 jioni, Capri Point. Mwenye Golf ya zamani aje nayo, tulinganishe.