Tukaze paa kabla ya tangazo la kimbunga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakazi wenzangu wa Bagamoyo jambo ambalo naona tumeanza kulifanyia mzaha. Tangu kimbunga Jobo kilipopoteza nguvu kabla ya kutufikia mwezi wa Aprili 2021, kila tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa hupokewa barazani kwetu kwa kicheko, watu wakisema kuwa hiki nacho kitaishia baharini. Hata Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na safari za boti za Unguja zikasimamishwa, wapo majirani zangu walioteremka ufukweni kutazama mawimbi.

Kudhoofika kwa kimbunga hakumfanyi aliyetabiri kuwa mwongo. Ni kweli kwamba vimbunga ni adimu pwani yetu, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msaada mkubwa wa kujizungusha, lakini viliwahi kufika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza merikebu za Sultani Barghash na kuiangusha mikarafuu na minazi, na hapa Bagamoyo kikabomoa majengo ya misheni ya Wakatoliki iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868. Msomaji atazame miezi: Aprili, Aprili, Mei. Ni wakati ule ule kaskazi inapokuwa imeondoka, masika yameanza na kusi haijatulia. Kwa hiyo kazi kubwa za nyumba zinafaa kumalizika Machi, kwa maana tangazo likishatolewa hubaki siku mbili tatu, na siku hizo fundi hapatikani.

Kazi ya kwanza ni paa. Upepo mkali hauanzi kung'oa bati katikati; huingilia chini ya upenu, ukainua ukingo, na bati la kwanza likishaachia, mengine hufuata. Huku kwetu chumvi ya bahari hula misumari kimyakimya, hivyo paa linaloonekana zima ukiwa chini laweza kuwa limeshikiliwa na kutu. Mwaka juzi fundi wangu alipopanda kuziba tundu moja dogo, alichomoa kwa vidole misumari saba ya upande wa baharini. Misumari ya ukingoni ibadilishwe na iongezwe, na kenchi zifungwe kwa waya mnene au nondo hadi kwenye lenta, si kuegeshwa tu juu ya ukuta.

Kisha minazi. Tunaipenda kwa kivuli chake, lakini nazi iliyorushwa na upepo ni jiwe. Mkwezi aitwe mapema aangue nazi, madafu na makuti makavu yote yaliyo juu ya nyumba na njia. Mabati chakavu, mbao na ndoo zilizozagaa uani ziingizwe ndani au zifungwe kamba. Wenye ngalawa na madau hawahitaji kufundishwa na mtu wa nchi kavu kama mimi, ila nasema kwamba kuvuta chombo hadi alama ya bamvua, yaani pale maji makuu ya mwezi yanapokomea, hakutoshi, kwa sababu kimbunga huikusanya bahari na kuisukuma pwani, na kikiangukia siku za bamvua maji huvuka alama hiyo.

Ndani ya nyumba mahitaji si makubwa. Familia ya watu sita, kwa lita nne za kunywa na kupikia kwa kila mmoja kwa siku, hutumia lita 72 kwa siku tatu, yaani madumu manne ya lita 20. Tende, biskuti na karanga ziwepo, maana kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kuogopa mvua kunaweza kuua familia nzima usingizini. Hati ya nyumba, vyeti na dawa za wagonjwa vifungwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa mahali pa juu, redio iwe na betri mpya, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia.

Jambo moja wengi hawalijui: jicho la kimbunga likipita juu yetu, upepo hukatika ghafla na hata jua laweza kuonekana. Mtu hudhani yamekwisha, akatoka kukagua bati lake, kumbe upepo unarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Atulie ndani hadi redio itangaze kuwa kimepita.

Nimekwisha kuelewana na mkwezi wetu, naye ameahidi kupita mtaani kwetu wiki ya kwanza ya Machi. Anayetaka minazi yake ihudumiwe siku hiyo na atupe taarifa mapema, kwani mkwezi ni mmoja na minazi ni mingi.

Mkazi wa Dunda,
Bagamoyo