Barua kutoka Bukavu: nyumba ya mbao kule Mugunga

Bukavu, 29 Agosti 2021

Mpendwa dada yangu,

Amani ya Bwana iwe kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku tuko wazima, ila vumbi la kiangazi linatukohoza. Ujumbe wako ulinifikia, nikacheka peke yangu jikoni pale ulipouliza kama tulikwenda Goma kujenga nyumba au kupiga picha. Nakuelewa. Mimi na wewe tumeshaona safari za kanisa ambamo kitambaa chenye jina la kanisa kilifika kabla ya misumari. Basi nikusimulie, kisha uhukumu mwenyewe.

Mambo yalianzia hapa hapa Bukavu. Nyiragongo, ile volkano ya Goma, ilipolipuka ule usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei, moto ulishuka mpaka Buhene, pembeni mwa mji, ukasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Tarehe 27 serikali ikaamuru watu watoke katika sehemu kubwa ya mji, maana ardhi ilikuwa bado inatetemeka. Wengine walikimbilia Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na wengi wakapanda meli wakaja kwetu. Ukumbi ule tuliokuwa tunafanyia mazoezi ya kwaya ukajaa magodoro na masufuria. Hapo ndipo nilipomfahamu Mama Mapasa. Ni mjane, muuzaji wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ana mabinti wawili waliozaliwa siku moja na hawafanani hata kidogo. Nyumba yake ya Buhene ilifunikwa yote. “Hata nguzo ya kuonyesha ilikuwa wapi haikubaki,” alituambia, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Watu waliporuhusiwa kurudi mwezi wa sita, yeye hakuwa na mahali pa kurudi. Shemeji yake akamkatia kipande cha kiwanja kule Mugunga, pembeni mwa Goma. Vijana wa kanisa wakasema hatuwezi kumlisha hapa halafu yanayobaki tumwachie Mungu. Michango ikapitishwa, akina mama wakatoa, hata jirani zetu Wakatoliki wa shirika la mtaa wakasema nao wanakuja. Ndivyo tulivyojikuta ndani ya meli ya usiku, na mabegi, na mabidoni, na gitaa moja ambalo mpaka leo sijui lilikuwa la kazi gani.

Usingizi haukupatikana. Tulipokuwa tunapita Idjwi gizani, mchungaji alitusimulia habari ya Habitat for Humanity, lile shirika la Kikristo linalojenga nyumba za watu wasio na uwezo katika nchi nyingi. Ukilisikia jina unadhani ni mambo ya Marekani mwanzo mpaka mwisho. Kumbe mwanzilishi wake, Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa tajiri kisha akagawa mali yake, alikuja Mbandaka mwaka 1973 na mkewe Linda na watoto wao, enzi za Zaire, wakajenga nyumba huko kama miaka mitatu. Waliporudi kwao Georgia ndipo walipoanzisha shirika, mwaka 1976. Yaani wazo lilijaribiwa kwetu kwanza, kando ya Mto Kongo, na sisi wenyewe hatuna habari! Utaratibu wao wa tangu mwanzo ni kwamba mwenye nyumba hapewi bure: anaifanyia kazi kwa mikono yake, kisha analipa kidogo kidogo bila riba, na pesa hiyo inamjengea mwingine. Sisi hatukuwa na mfuko wa namna hiyo. Ila lile la mwenye nyumba kufanya kazi lilinikaa kichwani, kwa kuwa vijana wetu walikuwa wameshampangia Mama Mapasa kiti kivulini.

Kiti hakukikalia. Tulipofika alikuwa ameinama juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, na nyundo kubwa mkononi, kitambaa kimefungwa puani, anavunja.

Ninyi Lubumbashi mna udongo mwekundu, mnachimba kichuguu mnachoma matofali. Mugunga huchimbi kitu. Chini ni mwamba, na mwamba wenyewe ni moto wa zamani uliopoa. Kwa hiyo unavunja vichwa vya mawe, vipande unajazia mashimo, unapanga makoro mpaka pawe sawa, ndipo unamwaga saruji kidogo juu ili mbao zisiguse unyevu. Viatu vyangu vya mazoezi vilikwisha huko. Asubuhi ya kwanza kijana mmoja aliomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwamba tunajenga juu ya mwamba kama yule mtu mwenye akili wa Mathayo 7. Mama Mapasa alisubiri Amina, kisha akasema, “Ya Buhene nayo ilikuwa juu ya mwamba. Mwamba mwingine ukaja juu yake.”

Hakuna aliyejibu. Mchungaji naye hakujaribu kujibu, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake mengi. Tangu siku hiyo maombi ya asubuhi yakawa mafupi: mikono isiumie, saruji itoshe, fundi asichelewe.

Kulikuwa pia na habari ya mazuku. Pembeni ya kiwanja kuna shimo pana, upepo haulifikii, na wavulana wakataka kutandika shitingi, turubai la plastiki, humo walale wakilinda mbao. Bibi mmoja jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Ile hewa nzito inayotoka chini kwenye ardhi ya volkano haina rangi. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajikusanya mashimoni, na mbuzi au mtoto akishuka humo hatoki. Wataalamu wanaiita kabonidioksidi. Bibi aliita mazuku na kutuonyesha kwa mwiko inapoishia. Kijana wetu mmoja, wa imani kali, akasema tutaombea mahali hapo. Bibi akamwambia, “Omba, mwanangu, lakini ulale huku juu.” Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia yangu.

Sasa fundi. Huyu nataka umjue vizuri. Ni mzee mfupi wa mtaa wa Birere mjini Goma, Mwislamu, penseli haimtoki sikioni, na hana haraka hata kidogo. Baadhi yetu walinung'unika kwamba analipwa wakati sisi tunajitolea. Wakasema naye angetoa kazi yake kama huduma. Maneno yakamfikia. Akauliza kwa upole kama na watoto wake watakula huduma. Tukamlipa, tena ilikuwa haki, na walionung'unika sasa wangemlipa mara mbili.

Vijana wetu walipiga misumari kama wanaoua nyoka. Mkaratusi ukikauka ni mgumu, msumari unapinda njiani. Fundi hakusema neno. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akachomeka ncha ya msumari humo, akaupiga mara nne, ukazama wote. Akamkabidhi kijana sabuni na kuondoka. Wale mapasa wakapata kazi yao hapo: kuokota misumari iliyopinda, kuilaza juu ya koro na kuinyoosha kwa jiwe. Mmoja ananyoosha, mwingine anahesabu na kukosea hesabu makusudi ili mwenzake akasirike.

Siku ya kusimamisha ukuta wa mbele ndiyo ninayoirudia kichwani. Fremu ilikuwa imeungwa chini, ndefu, nzito, tukaishika watu wengi, Wakatoliki upande mmoja, sisi upande mwingine, jirani wawili watatu waliokuwa wanapita na chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Mchungaji, kwa mazoea yake ya kuongoza, akaita, “Moja, mbili...” Wakati huo huo fundi naye anaita hesabu yake. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukabaki, fremu ikajipinda na kulia. Fundi akapaza sauti: “Shusha! Hapa anaita mtu mmoja.” Mchungaji akasema, “Ita wewe, mzee.” Akarudi nyuma, akashika mahali alipoonyeshwa, karibu na Mama Mapasa. Fundi akaita. Ukuta ukapanda kwa mara moja, na kwa kitambo kile ambapo haujasimama wala haujalala, uzito wote uko juu yetu, nilimwona fundi ameuacha kabisa, ameinamia timazi yake, anatuambia tusimame hivyo hivyo. Mikono inatetemeka, jasho linaingia machoni, naye anafumba jicho moja. “Kidogo kwa Bukavu,” akasema, yaani upande wa ziwa. Tukasogeza kidogo kwa Bukavu.

Dada, kumwamini Mungu ambaye hatujamwona tumefundishwa tangu shule ya Jumapili, tumezoea. Kumwamini mtu unayemwona, asiyeomba kama wewe, akiwa ameshika uzi na wewe umeshika mzigo juu ya kichwa chako, hilo ndilo lililonilegeza magoti. Na sina hakika tena kama ni mambo mawili.

Usidhani yote yalikwenda kwa utakatifu. Ijumaa mchana fundi anakwenda msikitini. Jumamosi msaidizi wake, Msabato, hashiki nyundo. Jumapili sisi tunakwenda kanisani, na Wakatoliki misa yao ni ndefu. Mama Mapasa akahesabu vidoleni, akasema, “Mungu wenu ana siku nyingi, nyumba yangu ina chache.” Tukacheka mpaka tukakaa chini. Mwishowe ikawa Jumapili Msabato anafanya kazi ya kukata mbao peke yake, na sisi Jumatatu tunazikuta tayari. Mzee mmoja mpita njia alisimama akauliza kama salongo, ile kazi ya lazima ya enzi za Mobutu, imerudi. Akaambiwa hapana mzee, hapa hakuna anayelazimishwa. Akakaa akaangalia, kesho yake akaja na msumeno wake.

Jioni tulikuwa tunasoma Nehemia. Si ile sura ya kwanza ya machozi ambayo wahubiri wote wanaipenda. Mchungaji alituchagulia ya tatu, orodha ya majina tu, nani alijenga kipande gani cha ukuta. Nilijiandaa kusinzia. Lakini baada ya kutwa ya mbao orodha ile inasikika tofauti. Kuna mafundi wa dhahabu wanajenga ukuta, na watengeneza manukato, watu ambao bila shaka misumari yao ingepinda kama yetu. Kuna Shalumu na binti zake, na hapo mapasa wakaomba tusome tena. Na kuna wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kwenye kazi. Niliangalia nani anajikohoza.

Ndiyo, kitambaa kilikuwepo. Mmoja wetu alikileta kimefichwa chini ya begi, kirefu, jina la kanisa kwa herufi nyekundu, akataka kukitundika mbele siku ya kupaua. Wakatoliki wakanyamaza ule unyamavu unaoujua. Mama Mapasa akakishika, akakipima kwa mkono, akasema ni kitambaa kizuri sana, kitafaa pazia la chumba cha watoto. Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Sasa kimetundikwa huko, herufi zimegeukia ukutani. Picha tulipiga moja, nami sionekani, nilikuwa nimeshika ngazi.

Nyumba ina vyumba viwili na sebule ndogo. Mabati yamekaa, mbao zimepakwa mafuta machafu ya injini kwa ajili ya mchwa na mvua. Dari bado, na mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Kiangazi kijacho tunataka kuijenga ya bibi wa mazuku, maana yake imepata nyufa tangu matetemeko ya Mei. Fundi amekubali, kwa masharti: tusije wengi, waje angalau wawili wanaojua msumeno, na gitaa libaki Bukavu. Mchungaji amesaini kwa niaba yetu sote.

Kama kwaya yenu ina chochote, tumeni kwa simu kwa mtunza hazina wetu. Msitume kwangu, mimi na pesa unatujua. Na umuulize shemeji ni kitasa gani kinafaa mlango wa mbao nyembamba, maana cha kwanza tulichonunua kilipasua ubao. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado anautembelea kwa fimbo?

Nakusubiri uandike.

Mdogo wako wa alto