Shukrani kwa mchukuzi wa bandari ya Mkoani

Sisi marafiki sita wa Chake Chake tumejiwekea orodha ya riwaya 40 ambazo tunaona msomaji wa Kiswahili hapaswi kuzikosa, na kila Alkhamisi baada ya sala ya isha hukutana barazani kuzijadili. Juma lililopita, niliporudi kutoka Unguja, niliusahau bandarini mkoba wenye nakala yetu pekee ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, pamoja na daftari la mijadala yetu ya miaka miwili. Na usiku ule ule ikanyesha mvua kubwa.

Mchukuzi mmoja, ambaye hakuridhia nimtaje jina, aliukuta mkoba umerowa. Alikifunua kitabu ukurasa kwa ukurasa, akapachika vipande vya gazeti katikati ili vinywe maji, akakianika kivulini siku mbili kwa kuwa, kama alivyonieleza, jua kali hukunja karatasi. Kisha akaitafuta namba ya simu kwenye jalada la daftari, akanipigia, na asubuhi akapanda gari hadi Chake kunikabidhi mkononi. Nauli aliikataa katakata. Alichoomba ni kuazimwa kitabu tutakapokimaliza, maana katika kurasa alizokuwa akizianika alikuta habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948.

Nawe msomaji, ukiokota daftari la mtu, tafadhali lifunue utafute namba kabla hujalitupa.

Kaka yetu, Alkhamisi hii nafasi yako barazani ipo, na kitabu tumekuwekea.