Omba ratiba kwanza, ada baadaye: kumchagulia mtoto shule ya Kifaransa ya lugha mbili

Tangu wizara zihamie Dodoma, wateja wetu wamebadilika. Zamani ofisi hii ndogo ya Area C ilikuwa inatafsiri vyeti vya ndoa na kufundisha Kifaransa jioni kwa vijana wa kidato cha nne. Siku hizi, ikifika Aprili au Mei, anaingia mzazi na barua ya kazi mkononi: Addis Ababa, Geneva, Abidjan, Paris, Kinshasa. Anakaa, anapewa maji, halafu swali linakuwa lile lile: "Mwalimu, shule ya Kifaransa ya huko ada yake ikoje?"

Ada tutaifikia. Ila nakuomba, mzazi, kabla ya ada omba ratiba ya wiki ya darasa lile lile atakaloingia mwanao. Ni karatasi moja tu, na shule yoyote makini inayo.

Mama mmoja alinipigia simu kutoka nje akiwa na wiki ya sita tangu ahame. Alikuwa analia. Kijitabu cha shule kiliandikwa "lugha mbili", naye akaelewa nusu Kiingereza, nusu Kifaransa. Kumbe Kiingereza kilikuwa vipindi vichache vya nyimbo na majina ya rangi. Binti yake, aliyekuwa anasoma hadithi ndefu za Kiingereza hapa Ilazo, alikaa akifundishwa nyekundu na bluu, na saa zote zilizobaki akasikiliza Kifaransa asichokielewa. Hakuna aliyemdanganya. Hakuomba ratiba, na sisi hatukumwambia aombe. Jambo hilo liliniuma, na tangu siku hiyo ndilo tunaloanza nalo.

"Lugha mbili" inabeba mambo mengi. Kuna shule inayogawa wiki katikati kabisa, hesabu kwa Kifaransa, sayansi kwa Kiingereza, kila lugha na mwalimu wake. Kuna shule ya Kifaransa iliyoongeza saa chache za Kiingereza. Kuna yenye mkondo wa kimataifa, ambako fasihi na sehemu ya historia na jiografia vinafundishwa kwa lugha ya pili. Ratiba ndiyo itakayokuonyesha. Wiki ya shule ya msingi ya Kifaransa ina saa 24. Hesabu mwenyewe ngapi ni za Kiingereza, na katika masomo gani.

Ninasisitiza Kiingereza kwa sababu mkataba wako utaisha. Miaka mitatu au minne si mingi, na mtoto atarudi kuketi sekondari ya hapa nyumbani, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kifaransa ni zawadi atakayokuja nayo. Kiingereza ndicho kitakachomrudisha darasani bila kupoteza mwaka.

Jambo la pili ni ithibati. Jina la Kifaransa kwenye geti halitoshi. Shule zinazofuata mtaala wa Ufaransa nje ya nchi hiyo hukaguliwa na kupewa ithibati na Wizara ya Elimu ya Ufaransa, na nyingi zimo kwenye mtandao wa AEFE, wakala wa serikali ya Ufaransa wa elimu ya nje ya nchi ulioundwa mwaka 1990, wenye karibu shule 600 katika nchi zaidi ya 130. Ithibati hutolewa kwa ngazi. Shule inaweza kuwa nayo kwa msingi na isiwe nayo kwa sekondari, kwa hiyo uliza kuhusu darasa la mwanao. Faida yake kwa familia inayohamahama ni kubwa: mwanafunzi wa Guebre-Mariam ya Addis Ababa, shule iliyoanza mwaka 1947, akihamia shule nyingine yenye ithibati hafanyi mtihani wa kujiunga.

Mpangilio wa madarasa huwashtua wazazi. Ufaransa hupanga watoto kwa mwaka wa kalenda: aliyezaliwa 2017, awe wa Januari au wa Desemba, aliingia CP, darasa la kwanza la msingi, Septemba 2023. Sekondari inahesabiwa kurudi chini, kuanzia la "sita", la "tano", hadi la "tatu" lenye mtihani wa Brevet, kisha miaka mitatu inayofikia Baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari. Baba mmoja aliona "6e" akadhani mwanawe karudishwa darasa la sita. Ule ni mwaka wa kwanza wa sekondari. Na alama ni kati ya 20: 14 ni alama nzuri, usimgombeze mtoto.

Sasa mtoto mwenyewe. Mtoto wa Dodoma haendi mikono mitupu. Wengi wana Kigogo cha bibi, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha shule, kwa hiyo kichwa kimezoea kuhama lugha. Lakini kusoma Kifaransa ni kazi nyingine. Mwaka jana nilimwekea kijana wa darasa la tano kitabu, akaliona neno "raisin". Akasema kwa furaha, "Hili nalijua, zabibu kavu!" Kwa Kiingereza yuko sahihi. Kwa Kifaransa ni zabibu mbichi, zile zile zinazoning'inia shambani kwa babu yake Hombolo; zikikauka huongezewa neno "sec". Nikamsomea: "s" ya katikati inasikika "z", "n" ya mwisho inaishia puani. Akarudia mara tatu, akaniuliza, "Mbona hawaandiki wanavyosema?"

Hapo ndipo ugumu ulipo. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, anaamini kila herufi ina sauti yake. Kifaransa kinaficha herufi, na shule zao zinapenda imla na mwandiko wa kuunganisha kwenye daftari la mistari ya Seyès, mistari myembamba iliyobanana. Hata namba zina mtego: 92 husemwa "ishirini nne na kumi na mbili", yaani ishirini mara nne, ongeza kumi na mbili. Nimeona watoto hodari wa hesabu wakionekana wazito kwenye hesabu za kichwa, kumbe wanapambana na jina la namba. (Ukienda Geneva, 70 na 90 zina majina mepesi zaidi.)

Kwa hiyo uliza shule: mtoto asiyejua Kifaransa anapewa mwalimu wa kumsaidia? Saa ngapi kwa wiki, kwa muda gani? Jibu la "atazoea tu" lisikuridhishe.

Kuhusu umri nasema ninavyoamini. Chini ya miaka saba, mpeleke bila hofu. Kati ya minane na kumi inawezekana, akianza Kifaransa miezi kadhaa kabla ya safari. Akiwa kidato cha pili na hajui neno, ningemtafutia shule ya Kiingereza. Brevet iko karibu mno. Angalia na mji wenyewe. Abidjan atakisikia Kifaransa sokoni kila siku. Addis Ababa au Nairobi kinabaki ndani ya geti, na itabidi mkiendeleze nyumbani.

Ada sasa. Omba orodha kamili: mara nyingi kuna malipo ya kujiandikisha mara ya kwanza, chakula, basi na mitihani. Soma kama posho ya elimu ya mwajiri inagusa hayo yote au ada peke yake. Ruzuku za masomo za AEFE ni kwa raia wa Ufaransa, usizipigie hesabu.

Mwaka wao unaanza Septemba, wetu Januari. Ukihama Agosti, mtoto wa darasa la nne atakosa upimaji wa kitaifa. Wa darasa la saba, kaeni mjadiliane kama abaki na shangazi amalize mtihani wa Septemba. Chukua barua ya uhamisho na ripoti za miaka miwili, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, tunavitafsiri hapa. Ukirudi, tunza kila ripoti, kwani ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje hutolewa na Baraza la Mitihani.

Tunasoma ratiba pamoja na mzazi bila malipo. Ukija, njoo na mtoto, na daftari lake la Kiingereza la mwaka huu.