Kuhusu ratiba ya kuchora, afya ya mkono na mahali pa kujifunzia

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Nimeangalia michoro mliyotuma wiki hii, na nimegundua kwamba wengi wenu, kwa bidii inayonifurahisha sana, mnachora saa nne mfululizo usiku, kisha mnakaa siku mbili bila kugusa penseli kwa sababu kifundo cha mkono kinauma. Ninawaomba mchore dakika 30 kila siku, mkiusogeza mkono mzima kuanzia begani kwa mistari mirefu, na kila baada ya dakika 20 mtazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20 ili kupumzisha macho. Wanaotumia tapentaini kuyeyushia rangi wafungue madirisha, hasa wanaolala chumba hichohicho.

Mwalimu wetu wa kwanza ni mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwa kuwa ubavu wa mtumbwi hufundisha mstari uliopinda kuliko maelezo yangu yote. Wenye bando waingie kwenye tovuti ya makumbusho ya Metropolitan ya New York, ambayo mwaka 2017 iliruhusu picha zaidi ya 375,000 zitumike bure. Chagueni moja tu na kuinakili kwa wiki nzima.

Kwa waliolalamika kwamba hawana turubai la kuchorea, mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli.

Jumamosi tukutane Kibirizi saa 12 asubuhi, kila mmoja na penseli mbili na maji ya kunywa.